Mifugo ya Mama Iliyolishwa Kawangware

Kabla mashine ile haijaingia nyumbani kwa mama, mambo yalikuwa yamepangika hivi. Mama aliishi Kambi Muru, Kibera, katika chumba alichokipanga tangu nikiwa shule ya msingi. Mimi niliishi Ayany, mwendo wa robo saa kwa miguu, na nilikuwa nikifundisha fasihi chuoni. Ndugu yangu mdogo, kitinda mimba wa mama, ambaye mama humwita Kitinda tu, aliishi Kawangware, ambako alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu. Mama hakuwa na mtoto mwingine. Magoti yalikuwa yamemlazimisha kuacha biashara ya mboga, kwa hiyo alishinda ndani, mlango wazi, akitazama miguu ya wapita njia.

Jumapili zilikuwa zangu. Nalitaja hili mapema kwa sababu bila hilo yanayofuata hayataeleweka. Saa nane mchana, baada ya ibada, niliketi kwenye kigoda karibu na mlango, nikafungua daftari, naye mama akanieleza habari za ng'ombe. Alikulia kwetu Magharibi akichunga kundi la babake, na alijua mambo nisiyoyakuta katika maktaba yoyote: jina la ng'ombe mweusi mwenye paji jeupe, jina la yule ambaye pembe zake zinatazamana, jina la mtamba anayekataa kuvuka maji. Nilikuwa nikiandaa makala ya kitaaluma kuhusu majina hayo, na madaftari manne yalikuwa yamekwisha kujaa. Ndugu yangu hakuwa ameandika hata neno moja. Alikuja mara moja kwa mwezi, akala, akamchekesha mama hadi akashika mbavu, akaenda zake. Nakiri kwamba kicheko kile kilinikera. Kwangu mama alikuwa akijibu maswali, hakuwa akicheka.

Katika madaftari yale mlikuwa na mambo mawili yanayohusika hapa. La kwanza ni kwamba kwa babu yangu mnyama aliyeletwa zizini aliitwa kwa jina la aliyemleta. La pili ni desturi ya kuwekesha mifugo: mwenye kundi kubwa huwapeleka baadhi ya ng'ombe wake kwa jamaa wa mbali, ili malisho yasiishe na ugonjwa usilifagie zizi zima kwa siku moja. Mtunzaji hunywa maziwa. Mnyama hubaki mali ya mwenyewe.

Chini ya desturi hiyo niliandika kisa ambacho mama alinisimulia mara moja tu. Babake aliwekesha fahali kwa binamu yake. Kwetu mafahali hupiganishwa, watu wakipuliza pembe na kuimba, na binamu yule alimwingiza uwanjani fahali asiye wake, bila idhini. Fahali alirudi na tundu ubavuni, akafa siku ya tatu. Mama alikuwa na umri wa miaka tisa, na ndiye aliyekuwa akimchunga. "Si kufa kwake kulikoniuma," aliniambia. "Kila tukiuliza habari zake, tulikuwa tunaambiwa amenenepa." Niliipigia sentensi hiyo mstari kwa rula.

Ndipo ikaja mashine. Ilikuwa mashine ya gemu ya mkononi, ukubwa wa sahani ndogo, ambayo ndugu yangu aliifufua kibandani kutokana na mbili zilizokufa. Ndani yake aliweka gemu mpya iliyokuwa ikizungumziwa na vijana wote wa Kawangware, ya kukusanya madubwana. Alimletea mama siku ya Jumamosi. Jumapili yake nilipobisha hodi, mama aliitikia bila kuinua macho.

"Mama, leo tuendelee na majina ya pembe."

"Ngoja, Mwalimu. Kuna mmoja amejificha kwenye nyasi." Mama huniita Mwalimu, kama mtaa mzima unavyoniita.

"Huo ni mchezo tu, mama."

"Na hilo daftari lako ni jembe?"

Nilisogeza kigoda nikatazama. Maoni yangu ya kwanza niliyaandika siku hiyohiyo, na nikiyasoma leo naona kwamba nilijitahidi kutenda haki. Gemu haianzi kwa vita. Inaanza na kilima chenye nyasi zinazoinama kwa upepo, na mchezaji akishuka kilima hicho hana kitu ila wavu wa mwanga. Madubwana hutokea nyasini: kobe mwenye uyoga mgongoni, paa ambaye pembe zake ni matawi yanayochipua, kanga anayefuka moshi mkiani. Ukiwarushia wavu vizuri hukaa, ukikosea hukimbia. Kila aliyenaswa hupewa jina na ukurasa wake, wenye umri, uzito, na alikotoka. Muziki niliuona unajirudia mno. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, nacho mama hukisoma kwa shida. Jambo moja tu lilinishangaza: waliotengeneza gemu hiyo hawakumpa paa mmoja madoa sawa na ya mwenzake. Mama alikuwa ameliona hilo kabla yangu, na alikuwa akiwataja wale paa, kwa lugha yetu, kwa majina ya rangi za ng'ombe.

Majina mawili kati ya aliyoyataja siku ile hayakuwa daftarini mwangu.

"Huyu umempa jina gani?" niliuliza, nikionyesha kobe.

"Kitinda."

"Na huyu?"

"Huyo pia Kitinda. Na huyo. Hao ameleta yeye alipokuwa ananionyesha. Hawa watano niliwashika mwenyewe, ni wangu. Huyu kanga alinifuata tu, nimemwita Mgeni."

"Wa Mwalimu yuko wapi?"

Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza. "Kwani umeleta yupi?"

Nikaichukua mashine. Nilirusha wavu mara sita. Paa wa kwanza alikimbia, wa pili akakimbia, na wavu wa sita ukatua juu ya jiwe. Mama alicheka kicheko kile nilichokuwa nikikisikia mwezi kwa mwezi kwa ajili ya mtu mwingine. "Huo mkono ni wa chaki," akasema, akanipokonya mashine.

Jumapili zilizofuata daftari lilikaa magotini mwangu likiwa limefungwa. Mama aliingia malishoni, nami nikawa mtazamaji. Aligundua mapema kwamba gemu hiyo inamtaka mchezaji awapiganishe wanyama wake. Chini ya kilima pana lango, na langoni amesimama mtu mwenye kofia anayetaka pambano kabla ya kumruhusu yeyote kupita. Mama alimfikia, akamsikiliza, akageuka akarudi juu.

"Mwambie mimi sikuja kupigana. Nimekuja kuchunga."

Lango likabaki limefungwa. Hata hivyo, kila Jumatano ndugu yangu alipita Kambi Muru kuichukua mashine, akisema stima ya pale ni dhaifu na chaja nzuri iko kibandani kwake. Jumamosi aliirudisha. Wanyama walirudi wakubwa. Yule paa aliyekuwa na vijiti viwili kichwani alirudi na pembe pana kama mti wa jakaranda, na Jumamosi moja lango lenyewe lilipatikana wazi, na ng'ambo yake pana ziwa.

"Kawangware kuna malisho," mama aliniambia. "Kitinda anasema wakitembezwa kwenye nyasi ndio wanakua. Anawatembeza jioni akimaliza kazi. Ni kama nimewawekesha kwake."

Alilisema kwa furaha. Mimi nilikuwa nimekwenda kwake kila Jumapili kwa miaka saba, mvua ikinyesha na isiponyesha, wala hakuwa ameniwekesha kitu.

Alhamisi moja nilikwenda Kawangware. Sikuwa na haja ya kutengenezewa simu. Nilitaka kuona malisho. Kibanda cha ndugu yangu kilijaa watu watano au sita waliomzunguka, na kabla sijafika nilisikia kelele.

"Mmalize! Mmalize huyo!"

"Wacha uoga, tumia ile ya pembe!"

Katikati yao ndugu yangu alikuwa ameinama, vidole gumba vikicheza juu ya vitufe. Kiooni paa wa mama alikuwa akimrukia mnyama mwingine, akarushwa, akainuka, akaruka tena. Aliponiona alisimamisha mchezo.

"Niaje, brathe! Umepotea ama umetumwa?"

"Mama anadhani unawatembeza."

Aliwaambia wenzake wamwachie nafasi kidogo, kisha akashusha sauti. "Usiniangalie hivyo. Hiyo lango bila kupigana haifunguki, na yeye hataki. Atakaa kwa hiyo kilima mpaka lini? Akijua atawacha, na akiwacha atarudi kuangalia viatu za watu hapo mlangoni. Si ni wanyama wa uongo, brathe? Hakuna mtu anaumia."

Hoja yake ilikuwa nzuri. Niliipima pale pale, kama ninavyopima hoja za wanafunzi, sikuona ufa.

"Halafu," akaongeza, uso ukichangamka, "ulijua mathe alikuwa anachunga akiimba? Juzi ameniimbia ule wimbo wote, wa kuita ng'ombe jioni. Nikamwambia arudie, akarudia. Wewe anakuimbianga?"

Nilimjibu kwamba nina haraka. Hakunitaka nimwahidi chochote. Alinyoosha ngumi, nikaigonga kwa yangu, naye akaona yamekwisha. Njiani kurudi nilikuwa nikipekua madaftari manne kichwani, ukurasa kwa ukurasa. Wimbo haukuwamo. Sikuwahi kumwuliza mama kama waliimba, naye hakuwahi kunieleza.

Jumapili nilifika saa nane. Mama alikuwa ameketi mlangoni, amejitanda leso, mashine ikiwa mapajani. Alinionyesha ziwa, akanionyesha wanyama wakinywa maji. Niliomba kuishika. Nilifungua ukurasa wa yule paa mkubwa, nikateremka hadi mwisho, mahali ambapo mama hakuwahi kufika kwa sababu maandishi ni madogo na ni ya Kiingereza. Hapo paliandikwa neno la Kiingereza lenye maana ya mapambano, na idadi yake. Nilikuwa nimeliona neno hilo tangu Jumapili ya tatu, na nilikuwa nimelinyamazia.

"Keti vizuri," mama alisema. "Kuna mmoja nimemwacha nyasini makusudi, mwekundu mwenye kiuno cheupe. Nataka umshike wewe, tumwite Mwalimu."

Kidole changu kilikuwa bado juu ya neno lile. Ningeweza kuufunga ukurasa. Kitufe cha kuufunga kilikuwa chini ya kidole cha pili. Nadhani nilikuwa nikielekea kuufunga.

"Kitinda amenifundisha vile utamshika," akaendelea. "Amesema wewe unarusha kwa haraka sana."

Nikasema, "Mama, hawa hawatembezwi. Wanapiganishwa."

Hakuelewa mara moja. Nikamsogezea kioo, nikamsomea, nikatafsiri.

"Mara ngapi?"

"Huyu, thelathini na nane."

"Na kobe?"

Nilimsomea kobe. Nilimsomea Mgeni. Nilimsomea kila mmoja wa wale watano wake, jina na idadi, kwa sauti ya darasani, bila kuruka hata mmoja. Alikuwa akiniuliza, nami nilijiambia kwamba ninajibu tu. Mtu mwingine yeyote angeweza kujitetea kwamba hakujua neno hilo lingemgusa wapi. Mimi nilikuwa nimeipigia mstari kwa rula ile sentensi kuhusu fahali.

Nje jirani alikuwa akimwita mtoto aje kuoga, na mtoto akijibu kwamba alioga jana. Kisha mama akasema, si kwangu hasa, "Na alikuwa ananiambia wamenenepa."

Nilianza kumweleza kwamba ni wanyama wa uongo, kwamba hakuna aliyeumia. Nilikuwa nikiitumia hoja ya ndugu yangu, na kwa hakika niliieleza vizuri zaidi kuliko yeye. Mama aliizima mashine, akaifunga ndani ya leso, mafundo mawili, akaiweka juu ya kabati. Yule mwekundu mwenye kiuno cheupe alibaki nyasini.

"Fungua daftari lako, Mwalimu," akasema. "Si ulitaka pembe?"

Niliandika majina manne ya pembe siku hiyo. Ni majina sahihi. Nimeyahakiki kwa wazee wengine.

Jumamosi iliyofuata ndugu yangu alikuja kama kawaida, na mama akamkabidhi ile leso na kilichomo. Alimwambia achukue ng'ombe wake. Haya nilielezwa na ndugu yangu mwenyewe kwa simu, kwa maneno machache, na tangu siku hiyo hajanipigia. Kambi Muru huja mwisho wa mwezi, anakula, anaondoka. Jirani huniambia kwamba hawacheki. Kibandani kwake mashine ile alimuuzia mteja, na mteja akafuta kila kilichokuwamo ili aanze upya.

Mimi huenda kwa mama kila Jumapili saa nane. Niliwahi kumwomba aniimbie wimbo wa kuita ng'ombe, akasema ameusahau. Hujibu ninachouliza, haongezi, na nikifunga daftari hugeuka kutazama mlangoni.