Fundi wa Voi aliyewahamisha majirani kwenye nyumba za leso

Saa moja asubuhi, jua limeshaanza kuchoma kwenye tambarare iliyo chini ya milima ya Mbololo, nje kidogo ya mji wa Voi. Quinter Ajwang' amesimama juu ya ngazi, pima maji mkononi, akikagua mstari wa mwisho wa matofali. Chini yake majirani wamekusanyika, wengine wameshashika mabati wakingoja neno lake.

"Pandisheni," anasema, na uwanja mzima unalipuka kwa vigelegele.

Hii ni nyumba ya tisa kati ya kumi zinazozunguka ua mmoja. Zote zimeupa mgongo upande wa nje, ambako ndovu hupita wakati wa kiangazi wakitafuta maji. Nyuso zake zimeelekea uani, kwenye tangi kubwa la maji ya mvua.

Ukitoka kwenye joto na kuingia ndani ya moja ya zile nane zilizokwisha kuezekwa, mwili unapumzika. Kuta ni nene, za udongo mwekundu wa hapohapo uliochanganywa na saruji kidogo, ukakandamizwa kwa mashine ya mkono bila kuchoma ukuni hata mmoja. Chini ya mabati kuna dari ya nyuzi za mkonge, na karibu na paa kuna matundu yanayotolea nje hewa ya moto.

Quinter, mwenye umri wa miaka 38, alizaliwa kwenye laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi wa shamba la mkonge, ambako wazazi wake walifika kutoka magharibi mwa Kenya kutafuta kazi. Familia nzima iliishi katika chumba kimoja. "Jirani akikohoa, sisi tunamwambia pole," anakumbuka akicheka.

Alianza kazi ya ujenzi kwa kuwabebea mafundi maji. Baadaye akajiunga na chuo cha ufundi, akatoka fundi mwashi kamili.

Miaka mitatu iliyopita, wakazi wa laini waliambiwa kwamba vyumba vyao vitabomolewa. Baadhi yao waliungana na familia za Wataita walioteremka kutoka Wusi, juu milimani, wakanunua ploti hii kwa pamoja. Walimwomba Quinter awajengee.

Kazi ilikwama hata kabla ya msingi kuchimbwa.

Dinah Mghoi, mwalimu mstaafu wa chekechea kutoka Wusi, alitaka kila nyumba iwe na ukuta wake mrefu na geti lake. Alizoea boma lake mlimani, ambapo jirani anaonekana akitaka kuonekana. Morris Oyugi, mkazi wa laini aliyestaafu kazi ya reli, alitaka milango yote itazamane kama ilivyokuwa kwenye laini. Alisema kuta ndefu huzeesha watu upesi.

Mikutano ilivunjika mara kadhaa. Mwishowe wengine wakataka ploti igawanywe, kila mtu ashike njia yake. Quinter anasema usiku huo hakupata usingizi, kwani alijua hakuna familia ambayo ingeweza kujenga tangi peke yake, na bila tangi hakuna maisha mahali hapa.

Kulipokucha aliwatumia wote ujumbe mmoja: Jumamosi waje na leso zote walizo nazo, na kamba, na chakula cha kupika.

Walipofika, walikuta ameshachomeka vijiti kwa kipimo halisi cha kila nyumba. Walitundika leso zikawa kuta, za rangi zote, zikipepea kwenye upepo wa tambarare. Kisha akawaomba waishi humo hadi jioni.

Wengine walidhani ni mchezo, lakini hawakukaa muda mrefu kabla ya kubadili mawazo.

Dinah alikaa mahali pa bafu lake, akagundua kwamba kutoka pale, kupitia milango inayotazamana, anamwona Morris akijimiminia chai, na Morris anamwona yeye. Aliinuka, akang'oa vijiti vyake na kuvisogeza mwenyewe.

Morris naye alijilaza mchana kidogo mahali pa chumba chake cha kulala. Kila alipofumba macho, watoto walikatiza karibu na kichwa chake. Alitoka akiwa amekunja uso, akamwendea Quinter.

"Fundi, hapa niwekee ukuta," alimwambia. "Mnene."

Wakati huohuo maharagwe ya Dinah yalikuwa yameiva, na harufu ikawaita watoto wa jirani. Dinah aliinua pembe ya leso kuwapakulia, mmoja baada ya mwingine. Walipomaliza, aliiacha ile pembe imeinuliwa. Alimwambia Quinter kwamba hapo anataka dirisha.

Tangu siku hiyo hakuna aliyetaja tena kugawanya ploti. Quinter alichora ramani kufuata vijiti vilivyosogezwa. Milango haitazamani tena. Kila mmoja unafunguka kwenye kibaraza kilichokingwa na ukuta mfupi.

"Ukikaa kibarazani, umetuambia uko tayari kwa mazungumzo," anaeleza. "Ukiwa ndani, hakuna anayekuona."

Mvua za kwanza zilipopiga, wakazi walitoka wakapapasa kuta zao kwa viganja, wakiogopa kwamba udongo utayeyuka. Haukuyeyuka, na tangi likajaa hadi kufurika. Sasa kikundi cha wakulima kutoka Mata, upande wa Taveta, kimemwita akawachoree ua wao.

Lakini kwanza kuna nyumba ya kumi, ambayo bado ni msingi tu. Ni ya mama yake, Phanice, mjane ambaye bado anaishi kwenye laini, katika vyumba ambavyo havijabomolewa, na amekuwa akikataa kuhama. Anasema aliwahi kuzidiwa na ugonjwa, akagonga ukuta, na majirani wakaja. Nyuma ya ukuta mnene, ni nani atamsikia?

Leo Phanice amekuja kutazama paa likipanda. Dinah anamkaribisha kwake. Phanice anaingia peke yake, anafunga mlango na kukaa huko muda mrefu, hadi Quinter anateremka ngazi kwenda kumwangalia.

Mlango unafunguka kabla hajabisha.

"Sijawahi kukaa mchana bila kusikia mtu," mama anasema. Kisha anamwonyesha kwa kidole Dinah, ambaye amekaa kibarazani hatua chache tu kutoka pale, akichambua mboga. "Na huyu nilipomwita kwa sauti ya chini pale dirishani, aliitika. Yangu utamaliza lini?"

"Kabla ya Krismasi, Mama."

Phanice anatazama ule msingi, kisha binti yake.

"Basi rudi kazini," anamwambia.