Kofia ya Njano Kwenye Msumari

Watoto walimwita Mwalimu Bata, na wala hakuchukia. Alitembea vidole vya miguu vikitazama nje, na nywele zake hazikupata kukauka tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Jioni akifika nyumbani, mama mkwe wake, ambaye alishinda na mtoto mchanga, humpokea mlangoni na taulo badala ya salamu.

"Jikaushe kwanza, bata wangu. Usije ukamnyonyesha mjukuu wangu maji ya bwawa yenye dawa."

Naye hucheka, akajifuta kifua, akampakata mwanawe. Yule mtoto alikuwa na kawaida ya kumnusa mama yake shingoni kabla hajanyonya, kama anayetaka kuhakikisha kwamba aliyerudi ni yuleyule aliyeondoka asubuhi.

Kuogelea alifundishwa na baba yake, aliyekuwa akifagia pembeni mwa bwawa la hoteli. Wageni wakienda kula, baba humwambia, "Haya ingia, lakini maji yasirukeruke." Ndiyo maana hata alipokuwa mtu mzima aliingia majini bila kishindo, kama mtu anayeingia chumba chenye mgonjwa.

Shule aliyofundisha ilikuwa na walimu wa namna mbili. Walikuwapo walimu wa darasa, ambao watoto ni wao tangu kengele ya kwanza. Na walikuwapo walimu wa fani: wa muziki, wa kuchora, wa mazoezi ya viungo, na yeye wa kuogelea. Walimu wa fani hawakuwa na watoto wao. Waliwaazima tu, na kila mmoja alilalamika kwamba mwenzake harudishi kwa wakati.

"Wewe unanirudishia wameloa," mwalimu wa kuchora humwambia. "Karatasi zangu zote zinavimba."

"Na wewe unaniletea wamejaa rangi hadi masikioni. Bwawa langu litageuka chungu cha mtia nguo rangi."

Ulikuwa utani, ila ndani yake palikuwa na kaukweli. Mtoto mmoja angeweza kutakiwa na walimu watatu katika kipindi kimoja, na kila mwalimu akaamini kwamba yuko kwa mwingine.

Bata alikuwa na njia yake ya kuwalinda. Hakuhesabu vichwa, kwa sababu vichwa vya watoto majini vinapanda na kuzama, hata macho yakachoka. Yeye alimpa kila mtoto pacha. Filimbi ikilia, popote ulipo, mtafute pacha wako, mshikane mkono mmoja, muuinue juu. Yeye hutupa jicho mara moja tu. Palipo na mikono miwili iliyoshikana, pana watoto wawili wazima. Na mapacha watakaochelewa watakaa kwenye benchi la ukutani hadi mwisho wa kipindi, wakiwatazama wenzao wakicheza.

Kanuni ile ya benchi aliitunga mwenyewe na aliipenda, maana iliwafanya watoto wawe wepesi kama umeme. Hakujua kwamba ndiyo iliyokuwa ikimvizia.

Kati ya mapacha wake walikuwamo wasichana wawili, Mrefu na Kidoti. Mrefu alikuwa na mabega kama henga ya nguo na moyo mwepesi wa kulia. Kidoti alikuwa mfupi, ana doa jeusi juu ya mdomo, na haraka isiyokwisha. Mama yake alipomleta shule alisema, "Huyu alizaliwa kabla ya siku zake, na hajapunguza mwendo mpaka leo." Alipiga ngoma kuliko wavulana wote, kwa hiyo mwalimu wa muziki alimvuta mkono huu na Bata akamvuta ule. Aliyeumia ni Mrefu. Kidoti akichelewa, Mrefu naye huketi benchi, miguu imekunjwa hadi kidevuni, machozi yanamlengalenga.

Siku ya Fani ilipokaribia, siku ambayo wazazi hualikwa kuona watoto wamejifunza nini nje ya kusoma na kuhesabu, maji ya bwawa yalianza kubadilika. Kwanza yalipoteza ule mng'aro. Kisha yakawa kama maji yaliyooshewa mchele. Bata alisimama ukingoni asubuhi, akaitafuta mistari ya bluu iliyochorwa sakafuni. Upande wa kina kifupi aliiona kwa shida. Upande wa kina kirefu hakuona kitu, weupe tu uliotulia, unamtazama.

Akamfuata mzee wa pampu kwenye kibanda chake.

"Shikamoo mzee. Haya maji yana nini?"

"Marahaba, mwanangu. Si maji, ni huyu." Akaigonga pampu kwa bisibisi. "Nimembembeleza, nimemtukana, amenuna. Dawa nimetia, lakini bila yeye kuzungusha ni kazi bure."

"Yatakuwa yameng'aa ifikapo Siku ya Fani?"

Mzee akaiweka bisibisi chini. "Mjukuu wangu angekuwa humu," alisema, "ningemwambia siku hiyo akachore."

Bata akaenda kuomba bwawa lifungwe kwa Mwalimu Mkuu, mama mmoja mwenye sauti laini ambaye hakuwahi kumfokea mtu kwa kuwa hakuwahi kuhitaji.

"Mwalimu wangu," alisema yule mama, "mwaka jana wazazi waliniuliza hizi fani zinawasaidia nini watoto wao. Mwaka huu wakikuta bwawa limefungwa, watasema lifungwe moja kwa moja. Nawe utakwenda kulea mwanao nyumbani. Ndicho unachotaka?"

"Hapana, mama. Lakini chini hakuonekani."

"Upande wote?"

"Upande wa kina kirefu."

"Basi si uvute kamba? Wabaki kwenye kina kifupi. Tatizo liko wapi hapo?"

Lilikuwa jibu la akili. Bata alitoka ofisini ameshinda nusu tu, akaenda kuitafuta kamba.

Siku ya mazoezi ya mwisho alivuta kamba yenye maboya katikati ya bwawa, akawaingiza watoto, akapuliza filimbi. Mikono ikainuka. Jicho lake likapita, likapita, likarudi. Mrefu alikuwa ameinua mikono iliyoshikana kama wengine, lakini viwiko vyote viwili vilikuwa vyake mwenyewe. Alikuwa amejishika mwenyewe.

"Kidoti yuko wapi?"

Mrefu akaanza kulia.

Bata hakungoja. Aliruka na nguo zake, akapita chini ya kamba, akapapasa sakafu ile asiyoiona kwa viganja, akapanda kuvuta pumzi, akashuka tena. Aliporudi juu mara nyingine, aliona miguu midogo mikavu ukingoni. Kidoti alikuwa amesimama na vijiti vya ngoma mkononi, nyuma yake mwalimu wa muziki, jitu la vicheko.

"Dada, unatafuta nini huko chini? Samaki?"

"Umemchukua mtoto bila kuniambia!"

"Nilimwazima kidogo tu. Wewe naye, roho juu juu kama mama kuku."

Chumba cha walimu kililichukua lile jambo likawa kitafunio cha chai. Mwalimu wa kuchora alichora bata aliyevaa viatu, akabandika ukutani. Bata alicheka pamoja nao, lakini chai yake aliiacha ipoe.

Mrefu alipoulizwa alijibu kwa kunong'ona. "Nilimshikia nafasi, mwalimu. Nilijua anakuja. Ili tusikae benchi."

Hapo ndipo Bata angepaswa kusema: basi, benchi limekwisha. Neno lilimjia kabisa mdomoni. Lakini kengele ililia, mwalimu wa darasa akaja kuchukua watoto wake, na kilichotoka kilikuwa, "Usirudie tena, umesikia?" Mtoto akaitika kwa kichwa.

Badala yake akapatana na mwalimu wa muziki. Pale kwenye mlango unaotoka bwawani kwenda ukumbi wa muziki palikuwa na msumari. Mtoto akiazimwa, kofia yake ya kuogelea itundikwe pale. Ukiiona kofia, ujue mwenyewe yuko ngomani. Pacha aliyebaki atainua mkono mmoja peke yake, wala hataadhibiwa, maana mwenzake ana ruhusa.

"Sasa utalala usingizi, dada yangu," alisema mwalimu wa muziki.

Siku ya Fani mbingu ilifunga tangu asubuhi. Mwanawe alimnusa shingoni kwa muda mrefu kuliko siku zote, kisha akakataa ziwa. Mama mkwe akasema meno yanaota. Bata aliondoka kifua kimejaa, kinauma.

Wazazi walikuwa wengi kuliko viti. Viti viliposogezwa, vikaziba ngazi za upande wa kina kifupi, hata watoto wakaingia majini kwa kupitishwa katikati ya magoti ya watu. Maji yalikuwa meupe kuliko jana. Baba mmoja aliuliza kwa sauti kama wametia maziwa, watu wakacheka. Kwenye msumari ilining'inia kofia ya njano ya Kidoti, na ng'ambo ya ukuta ngoma ilikuwa inapigwa, du-du, du-du, ikifunika sauti za watoto.

Mchezo ulikwenda vizuri. Watoto waliogelea na vibao vya kuelea, wakajilaza chali, wakapigiwa makofi. Mwalimu Mkuu alitabasamu kutoka kiti cha mbele. Bata akaweka filimbi mdomoni, akapuliza.

Mikono ikainuka kila mahali, miwilimiwili, na wazazi wakapiga makofi tena wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Jicho lake likapita juu yao, likafika kwa Mrefu, likasimama.

Mrefu alikuwa ameinua mikono miwili. Viwiko vyote vilikuwa vyake.

"Hee, huyu mtoto," Bata alijisemea. Akatazama msumari, kofia ipo. Akasikiliza ukuta, ngoma inalia. Mwalimu Mkuu alikuwa amefuata macho yake, na sauti yake laini ikamfikia: "Mwalimu, kofia ile pale. Endelea, watu wanangoja." Bata akakumbuka yule bata wa karatasi aliyevaa viatu. Akainua filimbi ili aendelee.

Lakini haikumkaa sawa. Kidoti akiwa ngomani, Mrefu ana ruhusa. Anatakiwa ainue mkono mmoja tu na asiogope chochote. Kwa nini basi amshikie nafasi? Mtu humshikia nafasi anayekuja. Mrefu alikuwa amemwona pacha wake akija.

"Mrefu! Kidoti umemwona wapi?"

Mtoto akatazama kofia, akatazama wazazi, akatazama benchi la ukutani. Uso ukamkunjamana.

"Alitoka mlangoni anakimbia," alisema, na wale walio karibu wakaacha kupiga makofi. "Ngazi zimezibwa na viti. Akaenda kushukia kule."

Kule kulikuwa ng'ambo ya kamba.

Bata hakusikia tena ngoma wala watu. Aliingia bila kishindo, jinsi baba yake alivyomfundisha, na weupe ukamfunga macho. Alishuka hadi viganja vikagusa sakafu, akapapasa kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Vigae. Vigae tena. Mfuniko wa bomba. Pumzi ikamwishia, akapanda, akaona nyuso zimeinama ukingoni, akashuka tena karibu na ngazi ya chuma ya upande ule wa kina kirefu. Hapo vidole vikakuta kitu laini, kinachopepea. Nywele. Kofia ingekuwapo kichwani, njano ile ingeonekana hata katika maji yale. Lakini kofia ilikuwa msumarini, maana mwenyewe alikuwa na haraka ya kumwahi pacha wake.

Akamkumbatia, akausukuma ukuta kwa miguu.

Wakamlaza ukingoni. Bata akampulizia, akamkandamiza kifua, akampulizia, na maziwa yake mwenyewe yakawa yanamtoka na kuchanganyika na maji ya bwawa kwenye nguo asijue. Mama wa Kidoti alikuwa amepiga magoti, anaita jina la mwanawe kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwita aje ale, na hiyo ndiyo iliyowatisha watu zaidi ya kilio. Kisha doa lile jeusi juu ya mdomo likatikisika. Kidoti akatapika maji meupe, akakohoa, akalia.

Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mzee wa pampu alikimbilia gari la kumpeleka hospitali. Mwalimu Mkuu alikuwa ameketi palepale, mikono mapajani.

Ndipo Bata alipomkumbuka Mrefu. Alikuwa bado majini peke yake, wenzake wote wameshatolewa, mikono yake miwili ameishikanisha juu ya kichwa. Hakuna aliyemwambia aishushe.

"Mwalimu," alisema, meno yakigongana, "tutakaa benchi?"

"Hapana, mwanangu. Hakuna benchi. Shusha mikono."

Mrefu hakuishusha. Alimtazama Kidoti, halafu akamtazama mwalimu, kama asiyeamini mmojawapo. Bata akaingia majini, akambeba begani na urefu wake wote, akampeleka hadi pale pacha wake alipolala amefunikwa mataulo. Akauchukua mkono wa Kidoti, akautia katika ule wa Mrefu. Hapo ndipo mikono iliposhuka.

Mlangoni kofia ya njano ilikuwa ingali kwenye msumari, imekauka kabisa. Na ng'ambo ya ukuta ngoma iliendelea kupigwa, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyekumbuka kwenda kuwaambia waache.