Jicho Kama la Mbuzi

Nilipokuwa mtoto, mwaka ule nilipotimiza miaka tisa, nyanya yangu alinikataza kumtazama machoni mwanamke aliyetuletea maziwa, na mimi nikamtazama. Kama ningeweza kuiachia hapo ningeiacha. Lakini saa hii niko na mtoto wa miezi mitano, na haya mambo siwezi tena kukaa nayo peke yangu.

Tulikuwa tunakaa Kitengela, wakati Kitengela ilikuwa bado ni barabara ya kwenda Namanga na maduka machache, na nyuma ya maduka nyika tupu. Ploti yetu ilikuwa ya mabati, milango sita kwa mstari mmoja, na asubuhi nyingine ukifungua unakuta nyumbu wamesimama ng'ambo ya waya kama ng'ombe wa jirani. Baba alikuwa karani wa stoo huko Athi River. Mama alikuwa anashona sare za shule, cherehani yake pale mlangoni penye mwangaza. Wapangaji wote tulikuwa watu wa kuja, na Wamaasai tuliwaona tu wakipita na mifugo yao, isipokuwa mmoja, mama mzee aliyeleta maziwa kila asubuhi. Sisi watoto tulimwita Koko, ambayo kwa Kimaasai ni nyanya. Alitufundisha kusalimu kikwao: mtoto anainamisha kichwa, mkubwa anakigusa. Nilipenda huo mkono. Ulikuwa mkavu na ulinuka moshi.

Mimi nilikuwa mgonjwa wa viungo tangu nikiwa na miaka sita. Lilianza goti la kushoto, likavimba likawa kama viazi vimefungwa kwenye soksi, halafu la kulia, halafu vifundo vya miguu, na asubuhi mama alikuwa ananiketisha kwenye karai la maji moto mpaka miguu ikubali kukunjuka ndio niende shule. Hospitali huko Kajiado walikuwa wametuambia ni ugonjwa wa kukaa nao, wakatupa dawa, na kweli tukakaa nao. Tuliuzoea. Tulijua unaishi wapi: unaishi magotini. Hakuna aliyetuambia tuutafute kwingine.

Mwaka huo mama alijifungua ndugu yangu, na nyanya, mama yake mama, akaja kutoka Bungoma kumsaidia. Nataka nimseme vizuri nyanya. Ni yeye aliyenibeba mgongoni, mtoto mzima wa miaka tisa, akinipeleka choo cha ploti siku ambazo miguu ilikataa. Ni yeye aliyenikanda magoti jioni akiimba chini chini. Sitaki mtu asome hapa aone mwanamke mbaya, kwa sababu hakuwa mbaya. Alikuwa anatupenda kwa kile alichokijua.

Basi Koko akaja kuona mtoto mchanga. Alimwangalia ndugu yangu, akasema ni mbaya kama nini, akamtemea mate kidogo kwenye paji la uso, yale mate ya hewa tu, tfyu. Mama alicheka, alikuwa ameshazoea. Halafu Koko akanigeukia mimi, nikainamisha kichwa, akanigusa, akaniinua kidevu na kusema, "Lakini huyu macho yake ni mzuri. Kama ya ndama." Akashtuka kama mtu aliyejikwaa, akanitemea na mimi, mara mbili, kila jicho na lake.

Nyanya alikuwa ameshika kikombe cha uji. Alikiweka chini polepole sana.

Mambo ya Koko nilikuja kuyajua nikiwa mkubwa. Kwao ukimsifu mtoto unamweka hatarini, ndio maana unamsema vibaya, na ukiteleza ukamsifu unatema mate haraka ili sifa yako isimdhuru. Kwa nyanya ilikuwa kinyume. Huko kwao kuna watu wa jicho, mtu anakuangalia tu na kitu kinaharibika ndani yako, na mtu akisifu mtoto halafu akashtuka akatema mate, basi amejishika mwenyewe: anajua kile anachobeba. Wote wawili walikuwa wanaogopa kitu kimoja. Mmoja alitema kukiondoa, mwingine akaona kimewekwa.

Koko alipotoka nyanya alinipangusa uso na pindo la leso mpaka ngozi ikawaka. Akamwambia mama, na mimi nikiwa pale pale, "Hilo jicho la mtoto halitamaliza mwaka." Halafu akaniambia nisimtazame tena yule mama machoni. Akija, niangalie chini.

Nilijaribu. Wallahi nilijaribu, kama wiki mbili, nikipokea mtungi wa maziwa na macho kwenye viatu vyake vya tairi. Lakini asubuhi moja akanisalimu, "Takwenya," na mimi nilijua jibu, nikajibu "Iko," na mtu akikusalimu unainua uso. Nikamwona. Aliniangalia kwa muda mrefu kuliko siku zote, akakunja uso, akasogea kando ili jua linipige.

Siku hiyo alichukua mtungi wake akaenda. Alirudi kesho yake, na safari hii alimwita mama nje. Mimi nilikuwa mlangoni kwenye karai langu na nilisikia kila neno.

"Mama Nekesa, jicho ya huyu mtoto iko mbaya. Ile nyeusi ya katikati. Iko kama ya mbuzi. Peleka yeye hospitali."

Mama akaja akanishika kidevu, akatazama, akatazama tena. Sijui aliona nini. Jicho langu halikuwa jekundu, halikutoa machozi, halikuuma hata kidogo, na hicho ndicho kitu ambacho mpaka leo kinanifanya nishindwe kulala: halikuuma hata kidogo. Kabla mama hajasema lolote nyanya alikuwa ameshatoka, amesimama kati yao na mikono kiunoni. Alimuuliza Koko kama amekuja kukagua kazi yake. Alimuuliza ni mama gani anayeweza kuita mtoto wa mwenzake mbuzi. Watu wa ploti wakatoka milangoni. Mwanamke wa mlango wa mwisho akasema ndio maana kuku wake walikuwa wanakufa, na mwingine akacheka, akamwambia kuku wako wanakufa kwa sababu huwapi chakula, lakini hata yeye hakumsogelea Koko.

Koko alingoja nyanya amalize. Akamwambia mama tena, si nyanya, mama: "Peleka yeye." Akachukua mtungi wake ukiwa umejaa na akaenda. Baba alipofika jioni akaambiwa, akasema hataki vita na wenyeji. Tukaanza kununua maziwa kwingine.

Sasa kuna kitu ambacho sikumwambia mtu yeyote, si mama, si nyanya. Siku hiyo ya ugomvi, nyuma ya nyumba, nilifunika jicho la kushoto na kiganja. Na huko ng'ambo ya waya, mahali pa nyumbu, kulikuwa na vitu vya kijivu vikitembea ndani ya kitu kama neti ya mbu. Nilipofunika la kulia nyumbu wakarudi, na pembe zao na ndevu zao. Nilirudia mara nyingi sana. Halafu nikaingia ndani nikakaa kimya, kwa sababu nilijua kosa ni langu. Nilikatazwa nisimtazame na nikamtazama. Mtoto anaweza kubeba kitu kama hicho miezi, na akacheza, na akala, na hakuna mtu atakayejua.

Nyanya naye alikuwa anafanya alichoweza. Huko kwetu jicho la mtoto linatibiwa na maziwa ya mama anayenyonyesha, na mama alikuwa na mtoto mchanga, basi asubuhi tatu mfululizo alinilaza mapajani na kunikamulia jichoni, na nyanya akisimama nyuma akiomba. Yalikuwa ya vuguvugu. Yaliteleza mpaka sikioni. Mama aliniuliza kama ninaona vizuri nikasema ndiyo, na nikaona mabega yake yakishuka kwa shukrani, na baada ya hapo ningewezaje kusema tofauti?

Ilikuja kujulikana karibu na Krismasi. Nilikuwa nagonga vitu upande wa kulia, nikagonga pipa la maji mara ya pili nikachanika nyusi, na baba, mtu asiyesema sana, akaniketisha kwenye stuli, akanifunika jicho moja na kitambaa chake na kuniuliza ni vidole vingapi. Nikasema sijui. Akasogea. Nikasema sijui. Akasogea mpaka nikasikia pumzi yake.

Kajiado walitutuma Nairobi, na huko daktari wa macho aliangalia kwa mashine yake muda mrefu, halafu akamuuliza baba kama mtoto anaumwa viungo. Baba akashangaa amejuaje. Daktari akaeleza kwamba ule ugonjwa ulio magotini huingia na machoni, kwa watoto huingia bila wekundu na bila maumivu, na kitu pekee ambacho mtu anaweza kuona kwa nje ni mboni kupoteza mviringo wake, inashikana na kilicho nyuma yake, inafanya pembe. Akasema mngekuja miezi minne mapema. Hakusema kwa ukali. Mama alihesabu kwa vidole juu ya mgongo wa ndugu yangu aliyekuwa amelala, na nilimwona akifika kwenye ile asubuhi ya Koko na kusimama hapo.

La kushoto lilikuwa limeanza kidogo, wakaliokoa. La kulia lilipoa baadaye, lakini mwangaza haukurudi.

Na nyumbani ikawa kwamba nyanya alisema, na limekuwa. Jicho halikumaliza mwaka. Ploti nzima ilijua. Wanawake walikuwa wanamletea watoto awaangalie. Lakini yeye mwenyewe hakufurahi, alilia siku tatu, akarudi Bungoma, na alipofariki nikiwa kidato cha pili alikuwa bado anaamini alichelewa kunipangusa. Hakuna aliyemwambia kitu kingine. Mama alikuwa anajua na mimi nilikuwa najua, na hatukuwahi kulizungumza.

Nimefika kwenye hili ninaloogopa. Mwaka huu nimejifungua msichana, na alipokuwa na miezi mitatu nilikuwa nimekaa naye dirishani namnyonyesha, nikaona nzi anapita, nikampunga, hakuondoka. Alikuwa ndani ya jicho langu. La kushoto, hili moja. Jioni taa ya jirani ikawa na duara kuizunguka. Na mimi, mwenye kidato cha nne, niliyefanya somo la bayolojia na nikachora jicho na sehemu zake zote na nikapata alama, unajua nilifanya nini? Nilijikamulia maziwa kiganjani na kuyaweka jichoni. Yalikuwa ya vuguvugu vile vile. Nikakaa hapo sura yote imelowa, mtoto ananiangalia, nikasikia sauti ikisema peleka yeye, peleka yeye, na haikuwa sauti ya nyanya.

Nilienda siku hiyo hiyo. Daktari amesema nimewahi. Niko na dawa ya matone, mara nyingi kwa siku, na narudi kila wiki mbili, na nzi wamepungua ingawa hawajaisha. Nilimuuliza kama mtoto atarithi, akasema si lazima. Hilo neno si lazima nimelibeba mpaka nyumbani kama mtu anayebeba yai.

Jumamosi iliyofuata nikaulizia Koko. Waliuza shamba lao, yuko Isinya kwa mwanawe, nikaenda na mtoto mgongoni. Sasa ni mzee sana na macho yake mwenyewe yamefanya weupe. Nilimwambia mimi ni Nekesa wa ploti ya mabati, yule wa magoti, nikainamisha kichwa. Mkono ulichukua muda kunipata. Ulipofika ulishuka mpaka usoni, ukanigusa chini ya jicho la kulia, ambalo limesinyaa, ukakaa hapo.

"Hawakupeleka," akasema.

Nikamwambia walipeleka, Koko, lakini tulichelewa. Nilitaka kusema mengi zaidi, nilikuwa nimeyapanga njia nzima, pamoja na samahani ambayo nyanya hakuishi kuisema na mama hakuweza. Sikusema. Nilimfungua mtoto nikamweka mapajani mwake. Alimpapasa kichwa, masikio, miguu, magoti yote mawili, akasema ni mbaya kama nini, na nikajua anasema nini. Halafu akasita, mdomo ukiwa tayari, akageuza uso upande wangu.

"Niteme, ama mtanifukuza?"

"Mtemee, Koko."

Nyanya alisema na ikawa. Nimeligeuza hilo jambo miaka yote hii na naona lilikuwa kwa sababu alisema, na kwa sababu tulimpenda tukamsikiliza, na kwa sababu mimi nilifunga mdomo. Simlaumu; nikimlaumu yeye itabidi nijilaumu na mimi, na nilikuwa na miaka tisa. Ila kila asubuhi mtoto akiamka nampeleka mlangoni, nageuza uso wake kwa jua, na kwa jicho langu moja natazama ile nyeusi ya katikati, kwanza ya kulia, halafu ya kushoto. Yeye hufikiri ni mchezo, anacheka. Leo ilikuwa mviringo. Zote mbili.