Ukelele wa Breki za Kificho

Mwanapili hakuwa na haja ya saa. Gari la mumewe, Kificho, likiingia kwenye mteremko wa kijijini kwao, breki zilipiga ukelele mwembamba uliofika mpaka jikoni, naye hapo akaepua chungu na kutandika mkeka. Majirani wenye safari nao wakajitwisha mizigo yao. Kificho akijivunia ukelele ule kuliko honi. Honi, akisema, kila dereva anayo.

Miaka ya hamsini ilikuwa inakwisha, na gari lenyewe lilikuwa la bodi la mbao, likichukua watu na magunia ya karafuu kwenda Chake Chake. Fundi Marhoun, aliyekuwa akilitengeneza huko mjini, alimwambia mbele ya mkewe:

"Bwana Kificho, breki hailii kwa furaha. Lainingi, zile bitana zinazokamata gurudumu, zinaliwa. Sasa zinalia kwa kuomba. Ukisikia chuma kinakwaruza, jua zimekwisha kabisa, usiteremke nalo mahali."

"Inshallah, baada ya harusi."

Inshallah ya Kificho mkewe aliijua. Ndiyo iliyokuwa ijenge banda la kuku tangu mwaka juzi, na kuku bado wakilala jikoni.

Harusi ilikuwa ya Khairiya, mtoto wao wa pekee. Fungate ilipokwisha ikawa apelekwe kwa mumewe, kijiji cha Wambaa, na Kificho akaapa kuwa mwanawe hapandi gari la mtu mwingine babake yu hai. Wanawake wakajaa na magodoro na masufuria. Khairiya alikaa nyuma ya kiti cha babake, kajifunika gubigubi, mamake ubavuni. Bi Mwatum, dadake Kificho, akaanzisha wimbo, wengine wakapokea. Na kwao wimbo wa kumpeleka bibi harusi haukatwi njiani. Ukikatwa, watu husema na ndoa haifiki.

Walikuwa wameshakaribia pwani gari lilipopunguza mwendo kukwepa shimo, na baina ya ubeti na kiitikio Mwanapili akasikia. Haukuwa ule ukelele. Ilikuwa sauti ya mbuzi ya nazi pale nazi inapokwisha ikabaki kukwaruza kifuu. Mara wimbo ukapanda tena ukaifunika. Kificho, mbele, alikuwa akitikisa kichwa kufuata wimbo, wala hana habari. Mwanapili aliingiwa na hofu kweli kweli: mteremko mrefu wa kushukia Wambaa ulikuwa unakuja, na mwanawe yumo garini.

"Nyamazeni!"

Nani wa kumsikia? Akainuka, akamkamata Bi Mwatum begani akamtikisa. "Nyamazeni, nakwambieni!"

Wimbo ukakatika.

"Lahaula!" alisema Bi Mwatum. "Mama wa bibi harusi ndiye unayekata wimbo? Una wazimu, wifi?"

"Baba Khairiya, kanyaga breki usikie."

Kificho akakanyaga. Mguu ukazama karibu na sakafu, gari likavuta kushoto, na katika ukimya ule kila mtu akasikia chuma kikisaga chuma. Harufu ya kuungua ikaingia. Kificho akatia gea ndogo, akavuta breki ya mkono, na gari likasimama pale mteremko unapoanza. Alishuka, akaenda kuegemea mti.

Khairiya alifika kwa mumewe kwa miguu, buibui limejaa tope, magodoro yakimfuata vichwani mwa watu. Watu wa Wambaa walicheka mpaka wakachoka. Bi Mwatum alimnunia wifi yake, akawa hasemi naye, mpaka Khairiya alipojifungua mtoto wa kwanza na ikaonekana kuwa ndoa ilifika.

Fundi Marhoun alipokuja pale mteremkoni akafungua magurudumu, lainingi zilikuwa hazipo, zimebaki ribiti tupu, ile misumari ya kuzishikia, nazo zimechimba chuma. Kificho aliziangalia, akazigeuza, akaziangalia tena. Gari halikutoka pale mpaka zilipotiwa mpya.

Siku aliyorudi nalo alikuta chungu kingali motoni na mkeka umekunjwa.

"Kumbe leo hukunisikia?" aliuliza, na sauti yake ilionyesha kuwa imemuuma kidogo.

Mwanapili alisukuma kuni ndani.

"Sikukusikia, alhamdulillahi. Kaa hapo, chakula hakijaiva."