Sumu Iliyokuja Yadini kwa Makosa, Sasa Natakiwa Nisafiri Nayo

Admin, nifiche tafadhali, mji wetu mdogo. Mimi ni mwanamume wa miaka 36, naishi Mahajanga, Madagaska, mtaa wa Mahabibo. Hapa tunaongea Kimalagasi. Kiswahili nilikipata Unguja nilikofanya kazi, ndiyo maana nawaletea ninyi msionijua.

Nasimamia yadi ya taka za kawaida: chupa, plastiki, vyuma chakavu. Yadi ni ya mjomba wa mke wangu. Na sisi wenye asili ya Ngazija, nyumba ni ya mwanamke, mume ndiye anahamia, na mjomba wa mke ndiye mkubwa wa nyumba. Kwa hiyo kula yangu na kulala kwangu kote kuko mkononi mwa mjomba.

Wiki iliyopita ukaja kwa boti mzigo wa hoteli moja ya kisiwa cha Nosy Be, upande wa Ambondrona. Nafungua, loo! Chini ya chupa kuna ndoo za dawa ya bwawa la kuogelea, za unga na za asidi, zimerundikwa hovyo. Wapakiaji walizoa stoo nzima! Ndoo moja ya unga imepasuka, macho yakaniwaka, kifua kikabana. Nikawatoa watu wote, nikatenga unga huku, asidi kule, nikafunika mvua isiingie. Nikampigia nahodha aliyezileta azirudishe. Kumwambia ukweli tu, akakata simu. Hakuna boti inayozitaka, na yadini hakuna pa kuziweka.

Mjomba akacheka. "Mkwe, zilikuja bila kutajwa, zitarudi bila kutajwa. Zipange botini, chini ya magunia ya mchele."

"Mjomba, boti ile inabeba abiria! Wanapikia mle mle. Unga ule ukikutana na asidi unatoa moshi wa sumu..."

"Yadi ni yako au yangu?"

Nikamwambia mke wangu nataka kwenda serikalini. Akalia weee, kisha akasema, "Baba Nasra, ukimpeleka mjomba wangu polisi, hapa usirudi." Nampenda, jamani. Na binti yetu bado mdogo.

Jana nikamwambia mjomba abiria watashtukia harufu. Nilidhani nimempata. Akanitazama, akasema, "Basi utasafiri nao wewe. Wakikuona umekaa juu ya magunia unakula wali wako, nani ataogopa?"

Boti inapakia kesho baada ya sala ya Ijumaa. Ndugu zangu, nishaurini leo leo, nimebanwa kila upande. Jirani yangu kasikia nasafiri, akafurahi, akamkatia mama yake tiketi ya boti hiyo hiyo. Kaniomba nimwangalie njiani. Nimwambie nini?