Nilimwelekeza Mama Mkwe Upande Usio na Mlima

Admin, naomba jina langu lisionekane kabisa, maana mawifi zangu wote wanafuatilia ukurasa huu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili na saluni ndogo hapa Singida mjini. Kwetu ni Shelui. Mume wangu ni dereva wa lori, nyumbani anaonekana mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo mama yake mzazi naishi naye mimi. Na niseme mapema, mama huyu hajawahi kunikosea. Wenzangu wanalia na wakwe zao, wangu nilipojifungua alinipikia uji siku arobaini kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo maana jambo hili linanitafuna.

Mama kwao ni vijiji vya chini ya mlima Hanang. Aliolewa huku akiwa binti mdogo, na wazazi wake wote wamezikwa kule. Mwaka juzi hospitali walimwambia ana presha ya macho na kwamba uoni uliokwisha kupotea haurudi. Mwaka jana mwezi wa nne akaniita chumbani kwake. "Mkamwana," akasema, "nje ya mji hapa kuna kilima cha mawe. Ukipanda alfajiri unauona mlima wa kwetu mzima. Mwezi wa sita jua linatokea pale pale ubavuni mwake. Nipeleke nikawaage wa kwetu kabla giza halijanimaliza."

Kwao wanaaga kwa maji yaliyochanganywa na unga wa uwele. Unayanyunyiza jua linapochomoza, uso umeelekea nyumbani, huku unaongea nao. Hicho tu ndicho alichokitaka.

Mimi na kiherehere changu nikaigeuza safari ya mama kuwa safari yangu. Nilihadithia saluni, na mteja wangu mmoja, mwalimu wa jiografia, akasema Hanang zamani ilikuwa volkano. Basi kila mtu akataka kwenda kupiga picha na volkano. Nikafungua grupu la WhatsApp nikaliita Macheo Volkano, tukawa wanawake kumi na mmoja. Mtu akasema safari bila sare ni msiba, tukachagua kitenge. Hapo ndipo nilipoharibu. Kitenge kilichelewa, kilipofika tukagombania rangi, mara fundi akapata kazi ya harusi akatuweka pembeni. Mwezi wa sita ukapita hivyo hivyo. Kila Jumapili tukitoka kanisani mama ananiuliza, "Ni lini, mwanangu?" Nami namjibu, "Bado sare tu, mama." Jamani, sare! Mtu anapoteza macho, mimi namwambia sare.

Tulikwenda mwishoni mwa mwezi wa kumi. Wakati huo mama alikuwa haoni tena sura ya mtu, anatambua mwanga tu. Tulimpandisha taratibu, wawili tumemshika mikono, tukamkalisha juu ya jiwe na kikombe chake cha maji ya unga. Jua likachomoza. Akaugeuza uso kulifuata, akatabasamu, akauliza, "Mlima uko hapo kwenye jua, eti?"

Nikatazama. Kwenye jua palikuwa na tambarare tupu. Mlima ulikuwa mbali upande wake wa kushoto, umesimama peupe kabisa. Kwamba jua linahama hivyo kati ya mwezi wa sita na wa kumi, nilifundishwa shuleni nikasahau, lakini mama alikuwa amenitajia mwezi kwa mdomo wake. Ningemwambia ukweli pale, angejua kwamba macho yake ya mwisho niliyapoteza kwa ajili ya vitambaa. Nikasema, "Ndiyo mama, upo hapo hapo." Rafiki yangu, yule aliyemshika mama mkono wa pili, akafungua mdomo kutaka kunisahihisha, nikamfinya.

Mama akanyunyiza maji yake, akaongea kwa lugha ya kwao muda mrefu, machozi yanamtiririka, analitaja jina la mama yake tena na tena. Mlima wa kwao ulikuwa pale kando na hakuugeukia hata mara moja. Wenzangu na sare zao wakaacha kupiga picha, wakabaki wananitazama mimi.

Mume wangu aliporudi alinishukuru mbele ya dada zake, akaniletea khanga doti mbili. Sijazivaa mpaka leo.

Labda ningejisahaulisha, ila tangu mwezi uliopita mama amebadilika. Anakula kidogo sana, nguo zinamlegea. Nilipomuuliza akasema, "Niliwaaga vizuri, lakini mama yangu hajanijia hata ndotoni. Nadhani amenikasirikia, nilikaa miaka mingi bila kwenda kumwona." Nikaenda nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Rafiki yangu anasema ninyamaze, mwezi wa sita nimpeleke tena kana kwamba tunakwenda kutembea tu. Lakini mwezi wa sita ni mbali, na afya yake naiona. Nikimpeleka kesho nikamgeuza kushoto, atasikia jua limempiga upande mwingine, na ataniuliza kwa nini.

Leo asubuhi nimemkuta nje amekaa kwenye kigoda, kikombe cha maji ya unga mkononi, uso kwenye jua, anamwomba mama yake msamaha. Akasikia hatua zangu, akasema, "Mkamwana, nimeelekea sawa?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mama."

Hiyo ni mara ya pili namdanganya. Ndugu zangu, mnitukane mkipenda, lakini mkishamaliza mnisaidie: neno la kwanza la kumwambia mama huyu ni lipi?