Rangi Isiyotakiwa Mezani kwa Pantaleo

Pantaleo ni mtu wa Newala, ana shahada ya kompyuta, na ofisi yake ni meza moja iliyo chini ya ngazi katika duka la vitambaa la shangazi yangu Fakhriya, hapa Kariakoo. Ukitaka kumwona unainama kwanza, la sivyo ngazi itakuinamisha yenyewe. Hapo ndipo anapotengeneza programu za maduka, anapokula, anaposinzia, na anapopokea simu za mama yake, ambaye mpaka leo anaamini mwanawe anauza mashuka.

Meza hiyo hakuipata kwa shahada. Siku aliyokuja kuomba nafasi, shangazi alikuwa ameshawakataa vijana wawili wenye vyeti vya kutosha kufunika ukuta. Pantaleo alikuja amevaa jezi ya kijani na njano. Shangazi akamkagua kuanzia kola mpaka pindo, kama anavyokagua mzigo mpya.

"Hiyo umeazima au yako?"

"Yangu, Bi Fakhriya. Kwetu Newala mpaka mbuzi wanajua timu iko Jangwani."

"Haya, weka begi lako hapo chini ya ngazi."

Usaili ukaishia hapo.

Shangazi lazima nimweleze kidogo. Sisi ni Waarabu wa Kariakoo tangu enzi za babu yake babu, na katika nyumba yetu mtu anaweza kubadilisha biashara, anaweza hata kubadilisha mume, lakini timu habadilishi. Shangazi anauza rangi zote, ila nyekundu, rangi ya watani wetu wa jadi, haikai dukani. Inakaa stoo ya Gerezani, tena imekunjwa upande wa ndani ukatoka nje. Mteja akiulizia nyekundu, naye anaulizwa ni ya nini. Akisema ya harusi, kijana anatumwa kuifuata. Akisema Jumapili kuna mechi, anaambiwa imeisha.

Mzigo wa shangazi umegawanyika stoo tatu, na vijana walikuwa wanazunguka kutafuta roli moja la satini mpaka mteja anaondoka. Ndiyo maana Pantaleo akapewa kazi ya kutengeneza programu: unaandika jina la kitambaa, inakwambia kiko stoo ipi, rafu ipi. Kazi ikachelewa. Wiki iliyopita shangazi akamwambia mbele yetu wote:

"Pantaleo mwanangu, Jumamosi kama haifanyi kazi, hapo chini ya ngazi naweka cherehani. Cherehani haina maelezo mengi."

Pantaleo akacheka, lakini si kicheko cha mtu anayecheka. Chumba chake Ilala wanakaa watatu, na mahali pekee panapotosha kompyuta ndipo penye jiko. Bila meza ile hana kazi.

Sasa, ile programu anayoandikia ina rangi zake. Mimi nilidhani maandishi ya kompyuta ni ya rangi moja tu kama kitabu cha historia, kumbe kila aina ya neno inapewa rangi yake ili jicho lisipotee. Amri zina rangi yake, majina ya vitu yana yake, na ukikosea unachorewa mstari wa mawimbi chini ya neno ulilokosea. Ilivyokuja mwanzoni, majina na ile mistari ya makosa vyote vilikuwa vyekundu. Pantaleo alipoona nyekundu kwenye skrini yake akaona kama ameingiliwa na nyoka kitandani. Akafungua mipangilio, akang'oa nyekundu zote, akaweka nyeusi, maana nyeusi nayo imo kwenye jezi. Nyuma ya maandishi akaweka njano. Amri akazipa kijani. Ukikaa mbele ya kompyuta ile unahisi kama umekata tiketi.

Shida ya njano ni kwamba inachoma. Kufikia Jumatano alikuwa anatokwa machozi kama mpika pilau la watu mia. Duka lilipokuwa linafungwa, akabadilisha njano ya nyuma akaweka nyeusi, macho yapumzike, akafunika kompyuta, akaenda zake.

Alhamisi mchana natoka shule, namkuta Pantaleo kavua kofia.

"Shahd, majina yameibiwa."

"Majina gani, kaka?"

"Ya vitambaa. Yote. Satini hakuna, dera hakuna, kitenge hakuna. Zimebaki amri peke yake."

Nikachungulia. Kweli, maandishi yalikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la pili. Pantaleo alikuwa ameshaanza kuyarudishia tangu asubuhi. Anaandika dera, haitokei kitu. Anaandika tena kwa nguvu, haitokei. Anabonyeza polepole, herufi moja moja, kama anayemsemesha mzee asiyesikia vizuri. Wapi.

Akaitwa Idrisa, fundi wa vioo vya simu wa duka la pili. Idrisa ni fundi hodari, ila ana kasoro mbili: ugonjwa wowote kwake ni kioo, na timu yake ni ya watani. Akavuta kipanya juu ya pengo moja, neno kitenge likajitokeza ndani ya alama ya njano. Akaachia, likazama.

"Umeona?" akasema. "Kioo kimechoka. Ukikigusa kinashtuka, ukikiacha kinalala."

"Lakini kijani inaonekana vizuri," nikamwambia.

"Mdogo wangu, kioo kinakufa kwa awamu."

Akaleta kioo kingine, akachomeka waya. Mapengo yakawa yale yale.

"Basi na hiki feki," akasema Idrisa bila kuona haya. Akaleta cha tatu. Nacho kikawa feki. Mpaka hapo ingebidi tuamini kwamba Kariakoo nzima haina kioo halali isipokuwa kile cha kwenye simu yake.

Mwishowe, kwa kukosa vioo, Idrisa akachukua yale maandishi kwenye flashi akayafungulia kwenye kompyuta yake mwenyewe, ambayo hajawahi kuigusa rangi. Mara akaanza kucheka akashika ukuta.

"Pantaleo, njoo uone. Kumbe tumejaa humu."

Tukaenda. Majina yote yalikuwepo, mekundu. Dera lilikuwepo mara nne limegandana, deraderaderadera, kwa sababu kila alipodhani halikuingia lilikuwa linaingia. Na chini yake mistari ya mawimbi, myekundu, kurasa kwa kurasa, kama jukwaa la upande wa pili siku wameshinda.

Hapo Pantaleo akaelewa kila kitu. Aliweka nyeusi juu ya nyeusi. Majina hayakwenda popote, na makosa nayo yalikuwa yanapigiwa mistari siku nzima, ila gizani.

"Bila sisi huoni makosa yako," Idrisa akamwambia, akimpigapiga begani kwa huruma ya uongo. "Rudisha nyekundu, ndugu yangu. Hatukudai shukrani."

"Nyekundu hairudi kwenye meza ile," Pantaleo akasema. "Ile meza nimepewa na Bi Fakhriya. Akiinama akaikuta, hata programu ikifanya kazi, naondoka mimi."

Idrisa akarudi kwenye vioo vyake.

Majina hayakumsumbua, aliyapa njano yakatulia. Tatizo likabaki makosa. Akayapa kijani: yakawa yanafanana na amri, unaona kosa unadhani ni baraka. Akayapa njano: yakapotea katikati ya majina. Mimi nikapendekeza nyeupe.

"Nyeupe wanavaa nao," akasema.

"Bluu?"

"Bluu kuna timu."

"Pinki basi."

"Pinki ni nyekundu iliyoongezwa maji."

Chungwa akasema ni nyekundu inayojificha. Zambarau ikapita, akaijaribu, lakini juu ya nyeusi haikuonekana mpaka usogeze pua. Ijumaa, watu walipokuwa msikitini na duka limetulia, alikaa anaitazama skrini muda mrefu. Kisha akatazama mlangoni, akafungua mipangilio, akairudisha nyekundu, ile ile kali, akainamisha kioo kuelekea ukutani. Mimi nilikuwa nimekaa ngazini, nikayaona yote. Mpaka jioni alikuwa ameyasafisha makosa yote, na skrini ikabaki kijani na njano kama haikutokea kitu.

Jumamosi shangazi akaja na mteja wa harusi, mama mmoja wa Temeke.

"Shikamoo, Bi Fakhriya," Pantaleo akasema.

"Marahaba. Haya, mwanangu, satini ya damu ya mzee iko wapi?"

Pantaleo akaandika. Stoo ya Gerezani, rafu ya pili. Kijana akatoka mbio, akarudi na roli kabla mteja hajamaliza soda. Shangazi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekosa sababu ya kununua cherehani. Ila mtu wa biashara haridhiki. Akainama chini ya ngazi.

"Hebu ongeza na ile hariri mpya, nione unavyoiingiza."

Pantaleo akaandika harakaharaka, akasahau alama moja, na pale pale chini ya neno hariri ukatokea mstari wa mawimbi, mwekundu kama pilipili.

Shangazi akasogeza uso karibu na kioo. Idrisa, aliyekuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo akisubiri hili, akakunja mikono.

"Pantaleo," shangazi akasema kwa sauti ya chini. "Hiyo rangi inafanya nini dukani kwangu?"

"Inaonyesha makosa, Bi."

"Makosa tu?"

"Makosa tu. Hakuna kingine humu kinachopewa rangi hiyo."

"Kwa hiyo kila penye nyekundu, pameharibika?"

"Pameharibika, Bi."

Shangazi akajinyoosha, akatengeneza mtandio wake. Akamtazama Idrisa, akamtazama Pantaleo, akaitazama tena ile skrini kwa macho ya mtu aliyeletewa zawadi na asiyemjua.

"Aliyetengeneza kitu hiki," akasema, "ni mwenzetu."

Meza imebaki ya Pantaleo. Shangazi amemnunulia na kioo kikubwa, kimegeuzwa kuelekea barabarani, na kazi inaenda vizuri isipokuwa jambo moja. Kila Idrisa anapopita kwenda kula, sauti ya shangazi inatoka nyuma ya marobota:

"Pantaleo mwanangu, hebu kosea kidogo."